Kutundikiwa Dripu Nairobi: Namna ya Kuikagua Kliniki Kabla Sindano Haijaingia Mshipani

Maji ya dripu hayapatikani tena wodini pekee. Kilimani, Westlands na Lavington kuna vyumba vyenye viti vya kuegemea ambamo mtu hutundikiwa chupa ya vitamini huku akisoma simu yake. Kasarani, Umoja na Kayole kuna maduka ya dawa yenye pazia upande wa nyuma, na nyuma ya pazia hilo kuna kitanda chembamba na msumari ukutani wa kutundikia chupa. Na siku hizi wapo pia wanaopiga hodi mlangoni kwako, begi mgongoni, wamekuja kwa pikipiki. Bei na mandhari hutofautiana sana, lakini kitendo ni kile kile: dawa inaingizwa moja kwa moja katika damu, bila kupitia tumboni, na ikishaingia hakuna njia ya kuitapika.

Mimi ni muuguzi, na nimeweka kanula, ule mrija mwembamba unaoachwa mshipani, katika mikono mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu watu wengi wanaoniuliza kuhusu kliniki hizi huuliza bei kwanza, kisha kama sindano inauma, na ni wachache mno wanaouliza ni nani aliyeiruhusu kliniki hiyo kufanya kazi. Swali hilo la mwisho ndilo la kwanza kwa umuhimu, na jibu lake hupatikana kwa dakika chache ukijua pa kutazama.

Je, unayahitaji maji hayo?

Kuna hali ambazo dripu ni ya lazima: mtu anayetapika kiasi cha kushindwa kubakiza hata kijiko cha maji, mgonjwa wa kipindupindu aliyeishiwa maji mwilini, aliyepoteza damu, au mwenye malaria kali. Watu hao mahali pao ni hospitali, wala si kiti cha kuegemea. Kwa mtu mzima anayeweza kunywa, aliyeharisha siku moja au aliyechoka kwa jua na foleni ya Thika Road, pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ile ya ORS inayouzwa katika kila duka la dawa, hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya chini sana na bila kutoboa ngozi. Soma tu maelezo ya pakiti ili ujue inachanganywa na nusu lita au lita nzima, kwa maana ukikosea kipimo mchanganyiko huwa mkali au hafifu.

Kuhusu uchovu wa muda mrefu, ambao ndio sababu ninayoisikia mara nyingi zaidi, msimamo wangu ni thabiti: uchovu hupimwa kwanza. Upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, ujauzito ambao mtu hajaujua, na huzuni nzito iliyokaa moyoni, vyote hujitokeza kama uchovu, na chupa ya vitamini haivitibu. Vitamini za kundi B na vitamini C huyeyuka katika maji. Mwili usipozihitaji huzitoa kwenye mkojo, na ule umanjano mkali unaouona chooni baada ya dripu ni sehemu ya pesa zako ikiondoka. Pombe nayo haioshwi na dripu: ini huivunja kwa kasi yake lenyewe, na maji hupunguza kiu na pengine maumivu ya kichwa tu.

Ukiwa umeshapima, umeshauriwa, na bado umeamua kwenda, basi endelea kusoma.

Sheria zinazohusika

Kenya haina sheria ya Bunge iliyotungwa mahususi kwa kliniki za dripu. Wapo wenye vituo wanaolitumia jambo hilo kama kisingizio, wakisema kwamba wao wanatoa huduma ya ustawi na urembo na kwamba sheria za tiba haziwahusu. Hoja hiyo haina msingi. Chupa ya maji ya chumvi ni dawa. Kuiagiza ni kazi ya mtaalamu wa tiba. Kuichoma ni kazi ya mtu aliyesajiliwa. Na jengo linamofanyika jambo hilo ni kituo cha afya, hata kama limepambwa kwa maua na taa za rangi.

Kituo chenyewe kiko chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambalo wengi hulijua kwa herufi KMPDC. Baraza hilo hufanya kazi chini ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya, na marekebisho ya sheria za afya ya mwaka wa 2019 yalilipa jukumu la kusajili na kutoa leseni kwa vituo vya afya, si kwa madaktari binafsi tu. Leseni ya kituo hutaja jina lake, mahali kilipo na ngazi yake, na huhuishwa kila mwaka. Kituo kinachofanya jambo lililo juu ya ngazi yake kinavunja masharti hata kama leseni yake ni halali, na hilo si jambo la kinadharia: mwaka wa 2024 Baraza lilifunga kituo kimoja cha upasuaji wa urembo hapa Nairobi baada ya mteja kufariki, na mwaka wa 2025 vituo vingi zaidi nchini vilifungwa au kushushwa ngazi baada ya ukaguzi.

Watu wanaokushika mkono wana mabaraza yao. Wauguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi chini ya Sura ya 257, na matabibu, yaani maafisa wa kliniki, wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka wa 2017. Dawa zenyewe, kuanzia chupa ya maji hadi kile kichupa kidogo cha vitamini, ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu kwa mujibu wa Sura ya 244, na bodi hiyo ndiyo inayosajili kila dawa inayoruhusiwa kuuzwa nchini na kila duka linaloruhusiwa kuiuza. Duka la dawa lenye leseni halali ya bodi hiyo limeruhusiwa kuuza dawa. Leseni hiyo hailigeuzi kuwa wodi. Kitanda kilicho nyuma ya pazia kinahitaji ruhusa nyingine kabisa.

Ninasisitiza jambo moja hapa kwa sababu ndilo linalowapotosha watu wengi. Kibali cha biashara cha Kaunti ya Jiji la Nairobi, ile karatasi inayobandikwa ukutani karibu na mlango, kinathibitisha kwamba mwenye biashara amelipa ada ya kaunti. Hakithibitishi kwamba anaweza kuuona mshipa, wala kwamba dawa zake zimesajiliwa. Nimewahi kuonyeshwa kibali cha namna hiyo, ndani ya fremu nzuri ya mbao, nilipoomba leseni ya kituo. Nilishukuru nikaondoka.

Kukagua karatasi bila kugombana na mtu

Anza ukiwa nyumbani. Uliza kliniki, kwa ujumbe wa simu ili jibu libaki limeandikwa, mambo mawili: jina kamili la kituo kama lilivyo kwenye leseni, na jina la mtaalamu atakayekuona pamoja na nambari yake ya usajili. Kisha fungua tovuti ya KMPDC na utafute jina la kituo na la daktari katika orodha za waliosajiliwa, ambazo ziko wazi kwa umma. Ukiambiwa kwamba atakayekuhudumia ni muuguzi au tabibu, tafuta jina lake kwa baraza lake. Tazama kama leseni ni ya mwaka huu. Leseni ya mwaka jana haina kazi.

Ukipata jina linalofanana, usitosheke haraka. Linganisha eneo. Kituo kinaweza kuwa kimesajiliwa kweli katika mtaa mmoja, kisha mwenyewe akafungua tawi la pili katika mtaa mwingine akitumia picha ya leseni ile ile. Leseni hufuata jengo.

Ukifika, omba kuiona leseni kwa macho yako, kwa heshima tu: "Samahani dada, leseni ya kituo mnaiweka wapi?" Kituo kinachofuata taratibu huwa kimeibandika mahali pa wazi na wafanyakazi wake hawakasiriki wakiulizwa. Kisha, wakati wa kulipa kwa M-Pesa, kabla hujaingiza nambari ya siri, tazama jina linalotokea kwenye simu. Likiwa ni jina la mtu binafsi ambaye hayumo popote kwenye leseni, au la biashara isiyohusiana kabisa na tiba, simama hapo uulize. Na udai risiti yenye jina la kituo, kwa sababu siku ukihitaji kulalamika, risiti hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulihudumiwa hapo.

Jirani yangu mmoja, ambaye nitamwita Mama Achieng', hakufanya hata moja kati ya hayo. Alikuja mlangoni kwangu jioni ya Jumamosi, mkono wa kushoto umevimba kama andazi, akiuficha chini ya leso. Alikuwa ametoka kutundikiwa "dripu ya nguvu" katika chumba kilicho juu ya saluni. Nilipofunua leso nilikuta kanula ya waridi bado imo, imeshikiliwa kwa plasta isiyoandikwa tarehe wala saa, kwa sababu aliambiwa arudi nayo kesho yake kwa awamu ya pili. Ngozi ilikuwa baridi, imekaza na kung'aa. Sindano ilikuwa imetoka mshipani na maji yamekuwa yakiingia katika nyama muda wote huo. Alipowaambia wahudumu kwamba mkono unauma, walimjibu, "Itashuka tu, mama." Niliitoa ile kanula, nikauinua mkono juu ya mto, nikamuuliza aliwekewa dawa gani. Hakujua. Tulitazama ujumbe wa M-Pesa na kukuta jina la mtu ambaye hakumjua, wala halikuwa jina lililoandikwa kwenye bango la saluni wala la chumba kile. Mkono ulipona baada ya siku chache. Lakini hatukuwa na jina la dawa, jina la aliyemchoma, wala jina la kituo, na kwa hiyo hatukuwa na pa kuanzia.

Maswali ambayo kliniki inapaswa kukuuliza wewe

Kliniki nzuri hutambulika kwa maswali yake. Kabla ya sindano, mtaalamu anayeruhusiwa kuagiza dawa anapaswa kuketi nawe, akakupima presha, mapigo ya moyo na joto, na kukuuliza kuhusu moyo, figo, kisukari, ujauzito, mzio na dawa unazotumia. Sehemu inayokukabidhi orodha ya vinywaji vya mshipani yenye majina matamu na bei, ukachagua kama unavyochagua chakula hotelini, kisha mhudumu akaja moja kwa moja na sindano, imeruka hatua ambayo bila hiyo yote yanayofuata ni kubahatisha.

Sababu ya maswali hayo si urasimu. Maji ya kawaida ya chumvi, yale ya asilimia 0.9, yana gramu 9 za chumvi katika kila lita. Chupa ya nusu lita basi ina gramu 4.5, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Kijana mwenye afya ataikojoa chumvi hiyo. Mzee mwenye moyo dhaifu, mwenye presha isiyodhibitiwa au mwenye figo zinazolemewa anaweza kuishia na maji kwenye mapafu, akihema kama aliyekimbizwa.

Vitamini C kwa kiwango kikubwa ina hatari ambazo matangazo hayazitaji. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi kwa jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, wakiwemo watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, anaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu baada ya dozi hiyo. Kuna kipimo cha damu cha kuitambua hali hiyo, na kliniki inayotoa dozi kubwa bila hata kuitaja haijui inachokifanya. Vitamini C nyingi pia inaweza kuziumiza figo, na inaweza kuidanganya mashine ya kupimia sukari ya kidoleni, ikaonyesha sukari iko juu wakati sivyo. Mwenye kisukari akajiongezea insulini kwa kufuata namba hiyo, anaweza kuzimia. Magnesiamu ikiingizwa haraka hushusha presha. Potasiamu haichezewi: ikiingia kwa kasi husimamisha moyo, na haina nafasi yoyote katika kiti cha urembo.

Dripu ya madini ya chuma iko katika fungu lake. Ni tiba halisi, inayosaidia sana wenye upungufu mkubwa wa damu wasioweza kuvumilia vidonge, lakini inaweza kuleta mzio mkali na hutolewa baada ya vipimo vya damu, mahali penye watu na vifaa vya kuokoa maisha. Ukiuzwa dripu hiyo bila kipimo, kataa.

Na kuhusu glutathioni ya kung'arisha ngozi, ambayo hapa mjini inatafutwa na mabinti na hata na wanaume, nitasema wazi kwamba sikubaliani nayo. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kuichoma mshipani ni salama kwa lengo hilo, mamlaka ya dawa ya Ufilipino imekwisha kuwaonya raia wake dhidi yake, na vichupa vingi vya bidhaa hiyo huagizwa mtandaoni bila kupitia mikononi mwa Bodi ya Famasia na Sumu. Hujui kilichomo. Ngozi yako haijakukosea kitu.

Chupa, mkono na matone

Tuseme umeridhika na karatasi na umehojiwa ipasavyo. Sasa tazama kwa makini, na usione haya kutazama.

Omba chupa uishike kabla haijatundikwa. Soma jina la maji, tarehe ya mwisho wa matumizi na nambari ya toleo. Inua kwenye mwanga: maji yawe angavu, bila chembe zinazoelea wala ukungu. Ibonye kidogo uone kama inavuja. Kisha omba vichupa vya dawa zitakazochanganywa vifunguliwe mbele yako, kila kimoja ukakisoma. Chupa ikiletwa tayari ina rangi ya njano na imetoka chumba cha nyuma, huna njia ya kujua kilichotiwa, lini, na kwa mikono ya aina gani. Mwaka wa 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu kliniki za huko zilizokuwa zikichanganya dawa za dripu katika mazingira machafu. Uchafu huo unawezekana Nairobi sawasawa na kokote kwingine, kwa kuwa bakteria akishaingia kwenye chupa ya vitamini huenda moja kwa moja katika damu.

Chupa iliyochanganywa ibandikwe karatasi yenye jina lako, dawa zilizoongezwa na kiasi chake, saa, na sahihi ya aliyechanganya. Ipige picha. Ni picha yako, ya dawa yako, na hakuna anayeweza kukukataza.

Kisha tazama mikono. Muuguzi anawe au ajipake dawa ya mikono, avae glavu safi, apanguse ngozi kwa spiriti na aiache ikauke, kama nusu dakika, bila kuipuliza kwa mdomo na bila kuigusa tena kwa kidole. Kanula itolewe kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe ukiona. Sindano moja, mtu mmoja, mara moja, kisha moja kwa moja ndani ya kisanduku kigumu cha sindano kilichoko hapo hapo karibu. Homa ya ini ya aina ya B na ya C pamoja na virusi vya Ukimwi husafiri kwa sindano iliyorudiwa, na pia kwa kichupa cha dawa kilichochovywa sindano iliyokwisha kutumika. Ukiona sindano zimetupwa kwenye ndoo ya takataka za kawaida pamoja na vikombe vya chai, huhitaji kuuliza swali lingine.

Baada ya hapo, hesabu matone. Mpira wa kawaida wa dripu ya mtu mzima hutoa matone 20 kwa kila mililita. Nusu lita ikipitishwa kwa saa mbili huwa ni matone 83 hivi kwa dakika, na kwa saa nne ni 42. Unaweza kuyahesabu ukitumia saa ya simu yako, ukitazama kile kikombe kidogo cha plastiki chini ya chupa. Ukiambiwa kwamba nusu lita itaisha kwa dakika ishirini kwa sababu kuna mteja mwingine anasubiri kiti, hayo yatakuwa matone 500 kwa dakika, yaani maji yanayochuruzika mfululizo. Kasi hiyo huagizwa hospitalini kwa mgonjwa aliye katika hatari, naye huangaliwa muda wote. Haiagizwi na foleni.

Muuguzi aje akutazame mara kwa mara. Mahali pa sindano pakianza kuuma, kuungua, kuvimba au kuwa baridi, mwambie aifunge dripu mara moja, na ukijibiwa kama Mama Achieng' alivyojibiwa, funga mwenyewe ile gurudumu ndogo iliyoko kwenye mpira. Ukihisi kuwashwa mwili, midomo kuvimba, kifua kubana au kizunguzungu cha ghafla, huo unaweza kuwa mzio mkali, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini inayochomwa pajani, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, ndani ya dakika chache. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, uliza swali hili: "Adrenalini mnayo hapa, na nani anajua kuichoma?" Mtu anayejua atakuonyesha sinia lenye adrenalini, oksijeni na mfuko wa kupumulishia. Mtu asiyejua atacheka au atabadilisha mada.

Wanaokuja nyumbani

Huduma ya nyumbani ina faida yake kwa mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, na wapo wauguzi waaminifu wanaoifanya chini ya maelekezo ya daktari. Hata hivyo masharti hayapungui kwa kuwa uko sebuleni kwako. Mwagizaji wa dawa awe anajulikana na awe amekuona. Muuguzi awe na kadi ya baraza lake. Abebe adrenalini na kisanduku cha sindano, na aondoke nacho, maana taka za tiba hutawaliwa na kanuni za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na hazitupwi kwenye pipa la ploti. Asiondoke kabla chupa haijaisha. Yule anayekutoboa, akakufundisha namna ya kuchomoa mwenyewe, kisha akawasha pikipiki aende kwa mteja wa pili, amekuacha peke yako katika muda ambao mzio unaweza kutokea.

Haki zako, na la kufanya mambo yakiharibika

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako, tiba unayopewa, hatari zake na njia nyingine zilizopo, na kuelezwa kwa lugha unayoielewa pale inapowezekana. Ukitaka kuelezwa kwa Kiswahili, dai. Ridhaa yako hutolewa baada ya maelezo hayo, na unaweza kuibatilisha hata sindano ikiwa imekwisha kuingia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo inalinda taarifa zako za afya. Kliniki haipaswi kuweka picha yako ya kitini mtandaoni bila idhini yako, hata ikikupa punguzo la bei.

Dharura ikitokea, usipoteze muda kubishana na kliniki kuhusu fidia. Piga 999 au 112, au chukua gari uende hospitali iliyo karibu. Ibara ya 43 ya Katiba inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na hospitali, ya umma au ya binafsi, haiwezi kukuacha mlangoni ikidai pesa kwanza. Waonyeshe madaktari ile picha ya chupa. Itawaokolea muda mwingi.

Ukishatulia, andika malalamiko. Kuhusu kituo au daktari, peleka kwa KMPDC, kupitia tovuti yao au ofisini kwao Woodlands Road, karibu na Lenana Road. Kuhusu muuguzi, kwa Baraza la Wauguzi. Kuhusu dawa iliyokudhuru, ripoti hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu kwa fomu ya manjano, na dawa unayoshuku kuwa mbovu au bandia kwa fomu ya waridi. Mfamasia au muuguzi wa hospitali yoyote anaweza kukusaidia kujaza, na ripoti inaweza pia kutumwa mtandaoni. Mtu aliyejifanya muuguzi au daktari bila usajili ametenda kosa la jinai, na huyo ni wa polisi vilevile.

Katika barua yako andika tarehe na saa, mahali hasa palipo, jina lililotokea kwenye M-Pesa, dawa ulizowekewa na kilichotokea kwa mpangilio. Ambatisha risiti, picha ya chupa, picha ya jeraha na ripoti ya hospitali iliyokutibu. Na ikiwezekana, usiiache chupa yenyewe nyuma. Iombe, iwe imeisha au haijaisha, uifunge kwenye mfuko safi pamoja na mpira wake baada ya sindano kuondolewa, uandike tarehe juu ya mfuko, uuweke kwenye jokofu mbali na chakula hadi utakapoukabidhi kwa wanaochunguza, kwa sababu kilichobaki ndani yake kinaweza kupimwa.